Mhariri, hilo tangazo la chai chini ya ukurasa wa afya

Mhariri habari za kazi.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ingawa sio wa kununua, siwadanganyi, gazeti nasoma la jirani yangu fundi viatu, yeye akimaliza ukurasa wa michezo ananirushia mimi yaliyobaki, na kwa vile ni wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Mbagala nakaa kwenye stuli kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 3 usiku, basi nasoma kila kitu mpaka matangazo ya vifo na zabuni za halmashauri. Ndo maana nimeliona hili.

Jumamosi iliyopita kwenye ukurasa wa afya, juu kabisa, kuna daktari kaeleza vizuri tu kwamba kijana akitaka kupunguza uzito abadili mlo wake pole pole, asijinyime, apunguze sukari na mafuta, ale mboga, atembee. Nikawa nasoma natikisa kichwa, kweli kabisa daktari. Kushusha macho chini kona ya kulia nakutana na tangazo, chai asilia, punguza kilo 10 kwa siku 7, bila kubadili chakula wala mazoezi, lipia kwa namba hii. Sasa mhariri mnataka tumuamini nani, wa juu au wa chini? Maana wa juu anaongelea miezi na wa chini anaongelea wiki, na vijana wenzangu nawajua, tutashuka chini.

Na hiyo namba naijua. Mwaka jana mwenzenu niliilipia shilingi 25,000.

Kabla sijaendelea naomba tupige hesabu kidogo, si ndo kazi yangu. Afisa lishe mmoja (nitamfikia) alinielewesha kwamba kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kama kalori 7,700 hivi. Kilo 10 ni 77,000. Gawa kwa siku 7 unapata 11,000 kila siku. Mtu anayeshinda amekaa kama mimi mwili wake unatumia kama 2,000 kwa siku, inazidi au inapungua kidogo kutokana na umbo na kazi. Yani hata ungefunga mdomo kwa gundi siku zote saba usile hata punje, kilo 10 za mafuta hazitoki, hazina pa kutokea. Kinachotoka ni maji na mzigo uliokua tumboni.

Na ndicho kilichonitoka mimi. Nilikua na kilo 89, urefu wangu sentimita 160, miaka 26, naitwa bonge mtaa mzima na sio kwa ubaya jamani, ndo jina, hata watoto wanaotumwa vocha wanasema nimetumwa kwa da Bonge. Chai ikaja na bodaboda kwenye boksi zuri la kijani, pakiti 14, unakunywa moja usiku. Siku ya pili saa 5 asubuhi nina foleni ya watu wanne, wa mbele ananihesabia laki mbili anataka kuweka, tumbo likaniita. Haliumi, linaita. Kibanda changu hakina choo, choo ni cha nyumba ya nyuma, nikamwambia yule mteja kaka nisamehe dakika moja, nikafunga droo, funguo mkononi, nikakimbia na malapa. Dakika moja ikawa robo saa. Siku ile nilienda mara tisa, fundi viatu akageuka mlinzi wa kibanda, mwisho akaniuliza dada hiki sio kipindupindu kweli tukawaambie watu wa afya?

Siku ya tano nikapanda mzani wa yule kijana anayezunguka nao stendi, kilo 86. Nilifurahi mpaka nikamwachia chenji. Nikajipiga picha ya ubavu nikaweka stetasi, komenti zikamiminika, shoga tupe siri. Na siri nikawapa! Wawili nawajua walinunua kwa ajili yangu, hilo nalibeba mimi. Pakiti zikaisha ikabaki moja tu, nikarudi kula kama kawaida, baada ya siku nne mzani ukasoma 89 na nusu.

Aliyenifumbua macho wala sio daktari, ni bibi yangu mzaa mama, alikuja kutoka Tanga kwenye harusi ya binamu yetu akaliona boksi juu ya kabati, akauliza nini hiki, nikamwambia chai ya kupunguza tumbo bibi. Akachukua pakiti iliyobaki, akaichana, akamwaga majani kwenye kiganja akanusa, akacheka mpaka akakaa.

"Mjukuu wangu, hii sanamaki. Tulikuwa tukipewa tukikosa choo siku tatu. Umenunua shilingi ngapi?"

Sikumwambia shilingi ngapi. Nikasoma boksi kwa ile taa ya simu, kwa nyuma, herufi kama miguu ya sisimizi, na kweli wameandika senna, ambayo ndo hiyo hiyo sanamaki. Dawa ya kuharisha mhariri. Haina kosa lolote ikitumika kwa kazi yake, lakini mafuta haiyagusi, inakamua tu utumbo, na ukiizoesha mwili utumbo unaweza kuwa mvivu, alafu unapoteza maji na chumvi ambazo moyo unazihitaji ili udunde sawasawa. Na hiyo ni ile iliyoandikwa. Kuna zingine zinazoitwa asilia huko duniani zilipopimwa zilikutwa zimechanganywa kimya kimya na sibutramini, dawa ya kuzuia hamu ya kula ambayo Ulaya na Marekani iliondolewa sokoni mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo na kuleta kiharusi. Kwa hiyo unaweza ukawa unakunywa chai ya bibi kumbe umenyweshwa dawa iliyokatazwa.

Kwani mimi nilikoma? Sikukoma. Nikahamia kwenye dayati ya mtandaoni, siku tatu maji na matango tu, kuna dada mmoja mwembamba hivyo tangu kuzaliwa alikua anaifundisha kwenye video. Siku ya kwanza kichwa kikauma. Siku ya pili mchana, jua la Mbagala mnalijua, bati limechemka, naona nyota, akaja mteja anataka kuweka elfu 30. Nikaandika namba yake, nikaandika kiasi, nikaweka namba ya siri. Ujumbe kurudi unasema nimeweka 300,000. Sifuri moja mhariri. Kuinua macho mtu ameshapotea kwenye umati wa stendi, kupiga simu haipokelewi, kupiga kwa kampuni kuomba muamala urudishwe naambiwa pesa imeshatolewa. Laki mbili na elfu 70 za floti, yani mtaji wa kibanda, na floti sio yangu, ni ya bosi. Nililipa kwa miezi mitatu. Siku hizi nikisikia mtu anasema dayati haina gharama namuangalia tu.

Jioni ile mama aliniona nalia akadhani nimeachwa, nikamwelezea, yeye ndo akasema kesho unaenda hospitali, sio kupungua, kuangaliwa. Nikaenda. Wakapima presha, sukari, urefu, uzito, wakanipeleka kwa afisa lishe, mama mmoja wa makamo na miwani yake ya kamba, nikajua nitapewa orodha ya vyakula vya kukatazwa. Hakuniuliza ninakula nini. Aliniuliza unakunywa nini.

Nikamtajia. Asubuhi chai kikombe kikubwa vijiko vitatu vya sukari. Saa 4 chai nyingine na chapati. Mchana soda. Jioni soda nyingine maana duka la pembeni lina friji na kibandani joto. Usiku chai. Akaandika, akajumlisha, akasema kila chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai, kwa hiyo binti wewe kwa siku unakula vijiko 27 kabla hujagusa chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula, na ikiwezekana ishuke mpaka nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama vijiko sita. Vyote, kwa siku nzima.

Sikuamini. Nimefika nyumbani nikachukua glasi nikaanza kuchota, moja, mbili, tatu, nilipofika 27 glasi ilikua imepita nusu, nyeupe pee, mdogo wangu akapita akauliza da unatengeneza juisi ya ubuyu? Niliiangalia ile glasi kwa muda mrefu. Siku 365 mhariri, na nilikua naishi hivyo tangu nipo kidato cha pili.

Basi kitu cha kwanza nilichobadilisha ni hicho, na mwezi mzima sikubadilisha kingine, maana alinikataza kubadilisha vyote kwa mpigo. Soda nikaacha, chai nikashuka kutoka vijiko vitatu kuja viwili, kuja kimoja, sasa hivi nusu na tangawizi nyingi. Wiki ya kwanza kichwa kiliuma na hasira za bure, mteja anauliza salio namjibu kama kanitukana. Wiki ya tatu nikasahau. Mwezi ulipoisha kilo mbili zimeondoka na wali wangu nilikua nakula vile vile. Nikikataa soda harusini wananiuliza nini, Janabi kakukataza? Maana Profesa Janabi, daktari huyu aliyekuwa Hospitali ya Muhimbili ambaye 2025 alichaguliwa mkurugenzi wa hilo hilo Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, watu walimgeuza utani mtaani, ukishika andazi tu mtu anakuambia ngoja Janabi akuone. Utani mzuri ule kuliko watu wanavyodhani, angalau umefanya watu wajue kuna kitu kinaitwa kula kupita kiasi.

Kazi kubwa ilikua jikoni. Hapa ndo huwa naona wanaoandika ushauri wa kupungua hawajawahi kuishi kwao. Unasoma kula brokoli, kula samaki wa samoni, andaa chakula chako mwenyewe kwenye vibakuli vya wiki nzima. Nani? Mimi naishi kwa mama, tupo sita, chungu kimoja, jiko la mkaa moja, friji tumeligeuza kabati. Kijana wa Kitanzania hapungui peke yake, anapungua na nyumba nzima au hapungui. Na ukimwambia mama sili wali wako ni tusi, aliniuliza kabisa,

"Chakula nilichokukuzia leo kimekuwa sumu?"

"Hapana mama, sio sumu. Naomba tu nijipakulie mwenyewe."

"Tangu lini ukajipakulia mwenyewe na mimi nipo hai?"

Tulivutana kama wiki mbili. Kilichomlegeza ni mafuta. Mama anapika mboga kwa kumimina kutoka kwenye dumu, anainamisha, anahesabu moyoni, anainua. Siku moja nikamwomba amimine kwenye kikombe kwanza kama anavyomimina siku zote, alafu tukapima kwa kijiko kikubwa cha chakula. Vijiko tisa, mchicha wa watu sita. Kijiko kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, iwe alizeti iwe mawese iwe yale ya bei mbaya ya kwenye chupa ndefu, gramu ya mafuta ni kalori 9 wakati gramu ya wanga ni 4. Vijiko tisa ni zaidi ya elfu moja kwenye bakuli la majani! Mama hakusema kitu kuhusu kalori, yeye alisema kumbe ndo maana dumu haliishi mwezi. Siku hizi anapima vijiko vitatu na anasema ni kubana matumizi, wala sio mambo yangu ya kizungu. Mimi kwangu sawa tu.

Sembe tumehamia dona, nusu kwa nusu kwanza maana baba aligoma, alisema dona chakula cha shule. Matembele, mchicha, mlenda, kisamvu, hivi vipo na ni bei ya chini kuliko kitu kingine chochote sokoni, shida ni kwamba mezani vinakaa kama pambo. Kipimo nilichopewa ni cha sahani, nusu mboga za majani na matunda, robo ya kitu kama maharage au dagaa au samaki au yai au nyama, robo wali au ugali au mihogo. Jaribuni kuangalia sahani zenu usiku wa leo, mtakuta wali robo tatu na mchicha upo ukingoni umejibanza kama mgeni asiyealikwa.

Kwa mama ntilie ndo nilichekesha. Nilimwambia mama, nipunguzie wali niongezee mboga. Akasimama na upawa hewani. "Bei ile ile lakini." Nikamwambia bei ile ile. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, mtu anaomba apunguziwe wali na analipa 2,000 kamili! Sasa hivi wateja wake watatu tunaitwa watu wa majani na anatuwekea kisamvu pembeni. Chipsi zege sijaiacha, nasema ukweli, kibanda cha chipsi kipo hatua kumi kutoka kwangu na ule moshi ukipita saa 12 jioni hata mtume angegeuka, ila imekua ya Ijumaa tu wakati zamani ilikua kila siku, na nimeomba yule kijana asinikaangie kwenye yale mafuta yaliyokua meusi kama oili chafu, kanijibu basi uje mapema.

Kutembea sina cha kusema sana, nashuka Zakhem natembea mpaka Rangi Tatu asubuhi, jioni narudi hivyo hivyo, basi. Kulala kulisaidia kuliko nilivyotegemea, maana nikilala saa 8 usiku naangalia simu kesho yake ni njaa kutwa nzima.

Mfungo uliniyumbisha, msiniulize. Watu wanadhani Ramadhani mtu anakonda. Kwa futari zetu za magimbi ya nazi, tambi, kaimati, sambusa na uji wa sukari alafu daku juu yake? Niliongezeka kilo moja na nusu nikiwa nafunga. Ila nimejifunza kitu kwenye ule mwezi, kwamba njaa sio dharura, inakuja inakaa inapita. Wenye kisukari na wanaotumia dawa na wajawazito na wanaonyonyesha hili wasilichukue kwangu, waulize daktari wao kwanza.

Leo ni mwezi wa tisa tangu nianze, nina kilo 78. Kumi na moja. Ukigawa ni kama kilo moja na kitu kwa mwezi, tangazo lenu lingenicheka. Na kwa vipimo vya hospitali bado nahesabiwa mnene, uzito gawa kwa urefu wa mita, alafu gawa tena kwa urefu huo huo, inatoka kama 30 na nusu, na kawaida ni chini ya 25, najua. Lakini presha iliyokua inaanza kupanda imeshuka, na ngazi za daraja la juu napanda naongea na simu.

Kuna jambo hakuna aliyeniandaa nalo. Kwetu kunenepa ni kupendeza. Mtu akikuambia umependeza jua umeongezeka. Sasa nilipopungua kilo 6 tu maneno yakaanza, mbona umeisha hivyo, unaumwa? Mwanaume anakutesa? Kuna mama mmoja mteja wangu alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu siku hizi dawa zipo na ni bure, usikate tamaa. Nikachelewa kuelewa, kuelewa nikaishiwa nguvu. Wapo wasichana nawajua waliorudia kunenepa makusudi kwa sababu ya maneno kama haya, na wapo waliokonda mpaka kuumwa kweli kwa sababu ya maneno ya upande wa pili, yule anayekuita tipwatipwa leo ndo atakayekuita ngongoti kesho. Utafiti wa serikali wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, kwa hiyo sio mimi na shoga zangu wawili, ni watu wengi, na wote hao wakitafuta msaada kitu cha kwanza kukutana nacho ni boksi la kijani. Wenye nazo wanaongelea sindano za Ozempic, dawa iliyoruhusiwa Marekani 2017 kwa ajili ya kisukari, sawa, inahitaji daktari na pesa ya maana, sisi wa vibandani tunabaki na sanamaki.

Sasa maombi yangu mhariri. Najua tangazo ni pesa na gazeti linaendeshwa kwa pesa, mi mwenyewe nabandika mabango ya watu kwenye kibanda nikilipwa. Lakini mkubali basi kumuuliza huyo mtu kitu kimoja kabla hamjampa nafasi, hii bidhaa yako imesajiliwa na nani? Tangu 2019 chakula kipo TBS, shirika la viwango, na dawa zipo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na tiba asili ina baraza lake, hakuna chai inayoshusha kilo 10 iliyokosa mahali pa kuulizwa. Akikosa jibu asiingie. Na kama lazima aingie basi asikae ukurasa mmoja na daktari, mpelekeni huko kwa waganga wanaorudisha wapenzi, wanafanana.

Na ile nafasi mngempa yule afisa lishe mwenye miwani ya kamba au mwenzake yoyote wa wilaya yoyote, kila wiki sahani moja ya chakula chetu, kipimwe, kipigwe picha, bei iandikwe. Wali maharage wa 1,500 unakula vipi ukapungua. Mwanafunzi wa hosteli mwenye jiko la umeme moja na elfu 3 kwa siku anakula nini. Mtoto wa form three mwenye mwili aambiwe na mtu anayejua kwamba bado anakua, asijinyime chakula, aache soda na acheze rede, inatosha kwa umri wake.

Huyo wa form three sijamtunga. Jumatatu saa 10 jioni alikuja binti na sweta la shule, begi mgongoni, akatoa noti za elfu mbili mbili na sarafu kibao, inaonekana ni hela ya nauli na ya chakula aliyokua anaificha, akahesabu juu ya kaunta yangu taratibu mpaka ikafika 25,000, akanipa kipande cha gazeti lenu kilichochanwa kwa mkono, ndo hiyo kona ya kulia, akasema dada naomba uniwekee kwa hii namba. Nikaandika namba. Jina likatokea. Sitakiwi kulitaja na silitaji.

Nikamwambia mdogo wangu mtandao unasumbua. Nilidanganya, mtandao ulikua unapeta. Nilitaka nipate pa kuanzia, nikamuuliza we unasoma wapi, unakunywa soda ngapi kwa siku, akaniangalia kwa ile adabu ya kumwona mtu mzima anakupotezea muda, na mimi kwa macho yake bado ni bonge, nitamwambia nini kuhusu kupungua? Akasema shikamoo dada nitarudi. Akakusanya zile sarafu zake moja moja.

Nikamuona anavuka barabara kwenda kwa wakala wa upande wa pili.

Msomaji wenu,
Wakala, Mbagala, Dar es Salaam